Hukumu ya muhtasari katika madai ya kupotosha: tafuta hoja isiyohitaji shahidi

Huko Australia, mfanyabiashara anayeona aliingizwa mkataba kwa maneno ya uongo hukimbilia kifungu cha 18 cha Sheria ya Walaji, kinachokataza mwenendo unaopotosha au unaoelekea kupotosha katika biashara. Kifungu hicho hakiulizi nia. Mdaiwa anayejibu "nilikuwa na nia njema" hajajibu kitu. Hata kile kipengele cha mkataba kisemacho kwamba hakuna kauli nyingine iliyotegemewa, peke yake hakimfungii mdai mlango. Anayeomba hukumu ya muhtasari, yaani shauri limalizwe bila kusikilizwa kikamilifu, kwa kuegemea hoja hizo mbili tu, anapoteza fedha za mteja.

Kipimo kimo katika kifungu cha 31A cha Sheria ya Mahakama ya Shirikisho ya 1976: je, dai au utetezi hauna matarajio ya maana ya kufanikiwa? Katika Spencer v Commonwealth, mwaka 2010, Mahakama Kuu (ambayo kule ndiyo ya juu kuliko zote) ilikubali kwamba si lazima dai liwe limekufa kabisa. Lakini ilihimiza tahadhari palepale, na tahadhari hiyo ndiyo inayosahaulika. Kenya mlango ni mwembamba zaidi: Agizo la 36 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linahusu deni la kiasi kinachojulikana au kurejeshewa ardhi, kwa hiyo dai la fidia ya kupotoshwa halipiti hapo.

Ligawe dai vipande vinne: kauli, upotoshaji, kutegemea kauli hiyo, na hasara. Kauli iliyotolewa kwa mdomo katika kikao cha biashara usiiguse, kwani ni neno la huyu dhidi ya la yule, na hakimu hatapima ukweli wa mashahidi ambao hawajaulizwa maswali ya dodoso na upande wa pili. Tafuta kipande kinachosimama juu ya karatasi. Barua pepe inayoonyesha kwamba mnunuzi aliipata hesabu sahihi ya mauzo kabla ya kutia saini huvunja hoja ya kutegemea, mradi hakuna anayebisha kwamba aliisoma.

Ukomo wa miaka 6 wa kudai fidia hushawishi sana. Mimi huuogopa. Miaka huanza kuhesabiwa hasara inapotokea, si kauli inapotolewa, na katika kesi ya Wardley, mwaka 1992, Mahakama Kuu ilionya kwamba suala hilo lisiamuliwe mapema ila pale ambapo jambo liko wazi kabisa.

Mdai naye ana silaha moja nzuri. Kauli kuhusu mambo yajayo, kama makisio ya faida, huhesabiwa ya kupotosha ikiwa aliyeitoa hakuwa na sababu za msingi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Walaji humtaka mdaiwa alete ushahidi wa sababu hizo. Asipoleta, huchukuliwa kwamba hakuwa nazo. Soma hati yake ya kiapo kwa jicho hilo kwanza.

Kwa upande wa utaratibu, kanuni ya 26.01 ya Kanuni za Mahakama ya Shirikisho inataka maombi yaambatane na hati ya kiapo yenye sababu na mambo ya hakika, na vyote vimfikie mpinzani angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa. Iwe fupi. Kiapo cha mamia ya kurasa kinamwambia hakimu kwamba kuna mgogoro wa kusikilizwa. Na kama kasoro ni uandishi mbovu wa hati ya madai, omba kwanza ufafanuzi kwa barua, maana mahakama kwa kawaida humpa mdai nafasi ya kurekebisha, nawe utabaki na gharama.