Je, wajua kwa nini kutu ya Beetle hujificha chini ya mpira wa kioo cha nyuma?

Tafuta Volkswagen Beetle ya zamani ambayo rangi yake bado inang'aa, uende nyuma, ubonyeze kwa kidole gumba pembe ya chini ya mpira unaoshika kioo. Mpira ukirudi taratibu bila sauti, endelea na safari yako. Ukisikia kitu kinakwaruza kama chembe za mchanga, au ukaona rangi imeinuka kama lengelenge pembeni mwa mpira, basi bati lililofunikwa hapo limeshaliwa, na huenda limeliwa miaka mingi. Gari lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 likivuka matope na mito, leo linaozeshwa na kikombe kimoja cha maji ya mvua kilichokosa pa kutokea.

Kioo cha Beetle hakikugandishwa kwa gundi kama vya magari ya siku hizi. Kinashikwa na mpira peke yake. Ukiukata mpira huo ukautazama kwa upande, utaona umbo linalofanana na herufi H iliyolala: mfereji mmoja umemeza kioo, mfereji wa pili umemeza ukingo wa bodi unaozunguka dirisha. Ukingo huo ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyobanwa pamoja kwa doti za kuchomelea. Kati ya doti na doti mabati yanagusana tu, hayakuungana. Kumbuka hilo, maana ndipo shida inapoanzia.

Mpira ukiwa mpya, midomo yake inabana kioo na bodi kwa nguvu. Jua linapoupiga miaka kumi, ishirini, mpira hukauka, husinyaa na kupasuka vimistari, na husinyaa zaidi kwenye pembe kwa sababu hapo umevutwa. Maji sasa yana njia tatu. Ya kwanza ni kati ya kioo na mdomo wa mpira. Ya pili ni kati ya mpira na bati. Ya tatu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayowachosha mafundi: kitambaa cha dari. Katika Beetle, kitambaa cha ndani cha paa huvutwa hadi dirishani, kikakunjwa juu ya ukingo wa bati na kubandikwa kwa gundi kabla mpira haujavishwa. Yaani kimelala chini ya mpira. Aliyekibadilisha akiacha pindo refu likachungulia nje, hata kwa milimita 5, pindo hilo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa na kuyapitisha chini ya mpira mzima hadi ndani. Unaweza kununua mpira bora kuliko wote na gari likaendelea kuvuja.

Kwa nini basi bati lililofunikwa ndilo linaloliwa, na si lile lililo wazi kwenye mvua? Bati lililo wazi hulowa likakauka. Maji yaliyoingia chini ya mpira hayapati upepo, na yale yaliyopenya kati ya mabati mawili huvutwa na wembamba wa nafasi yenyewe, kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate. Isitoshe, hewa haifiki sawasawa humo. Sehemu ya bati yenye oksijeni kidogo, iliyo ndani kabisa ya ufa, ndiyo hugeuka kuwa upande unaotoa chuma, na ile iliyo karibu na hewa hubaki salama kwa gharama yake. Ni kama betri ndogo inayofanya kazi usiku na mchana. Kutu inayozaliwa hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichopotea, kwa hiyo inasukuma mabati yaachane, inainua mpira, na kufungua mlango wa maji zaidi. Mombasa, Tanga au Unguja mambo huenda kasi zaidi, maana chumvi ya bahari iliyotua kwenye mfereji huvuta unyevu wa hewa hata usiku usio na mvua, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua.

Upande wa chini ndio huumia kwanza, hasa pembe zake mbili, kwa kuwa maji yote yanayoteremka kwenye kioo huishia pale pamoja na vumbi. Vumbi jekundu lililoshiba maji hukaa na unyevu siku kadhaa.

Kabla ya kushika kisu, hakikisha kwamba kweli ni kioo kinachovuja. Beetle ina matundu ya hewa chini ya kioo cha nyuma, juu ya mfuniko wa injini, na maji yanayopita hapo kwenda kwenye injini ni jambo la kawaida. Kinachohusu kioo ni maji yanayokutwa kwenye shimo la mizigo nyuma ya kiti, au chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia ambako betri hukaa. Toa zulia na kadibodi zote, kausha, kisha tandaza magazeti. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa bomba lisilo na kasi. Anza chini ya kioo, dakika tano, ndipo upande wa kushoto, wa kulia, na mwisho juu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingia wapi. Anayetazama ndani asiamini tone analoliona linadondoka. Alifuate nyuma hadi linakoanzia, kwa sababu maji hutambaa juu ya ukingo wa ndani nusu mita kabla ya kuanguka.

Ukishathibitisha, hapa ndipo wengi hukosea: wanakimbilia silikoni. Ile silikoni ya bei nafuu inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati lenyewe. Pia hufunga maji yaliyokwisha kuingia, na masalia yake huifanya rangi mpya ikatae kushika na kuacha vitundu vidogo vidogo. Kama fundi wa awali alishaipaka, ikwangue yote kwa kipande cha plastiki kabla ya kupitisha msasa, la sivyo msasa utaisambaza.

Agiza mpira mpya kwanza, ndipo uutoe wa zamani. Kipimo cha dirisha kilibadilika mara nne: kioo cha vipande viwili kiliachwa Machi 1953 kikaja cha umbo la yai, Agosti 1957 kikaja kikubwa cha pembe nne, kikaongezwa Agosti 1964, na tena Agosti 1971. Mwaka wa modeli ulianza Agosti, kwa hiyo gari lililotoka kiwandani Oktoba 1964 linahitaji mpira wa 1965. Angalia vilevile kama gari lako lina utepe wa alumini unaong'aa katikati ya mpira. Utepe huo si pambo tu: unaukaza mpira ubane kioo. Mpira wenye nafasi ya utepe ukifungwa bila utepe hubaki legelege.

Kutoa kioo si kazi ngumu ikiwa mpira wa zamani hutautumia tena. Ng'oa nyaya za kupashia kioo joto kama zipo, kisha kata mdomo wa nje kuzunguka kioo chote kwa kisu kikali, usawa wa kioo. Aliye ndani asukume polepole kuanzia pembe za juu, aliye nje apokee. Kioo cha nyuma kwa kawaida ni kile kigumu kinachovunjika vipande vidogo, na udhaifu wake uko pembeni: bisibisi ikigonga ukingo wake, kitalipuka chote. Kilaze juu ya blanketi.

Sasa bati liko wazi. Suuza mchanga, kausha, piga kwa brashi ya waya, kisha chokoachokoa ukingo wote kwa ncha ya bisibisi nyembamba. Kutu ya juujuu iondoe kwa msasa namba 80, ipake dawa yenye asidi ya fosfori, uache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usuuze na ukaushe kwa hewa ya moto. Dawa hiyo hubadilisha kutu nyembamba iliyobaki kwenye vishimo. Haiwezi kuokoa bati lililobaki jina. Bisibisi ikipenya, kata hadi ufikie bati safi, na uongeze sentimita moja au mbili zaidi, kwa kuwa vitundu vitatu vinavyoonekana juu mara nyingi maana yake bati la chini limekwisha.

Kiraka kiwe cha bati la unene uleule, kama milimita 0.9. Chomelea kwa doti fupi zilizoachana, moja hapa, nyingine sentimita 5 mbele, ukingoja bati lipoe. Moto mwingi hupinda ukingo, na ukingo uliopinda haufungwi na mpira wowote. Kila baada ya hatua weka kioo kitupu kwenye dirisha uone kama nafasi pembeni ni sawa pande zote. Wala usijenge ukingo kwa puti. Puti hunywa maji, hupasuka mpira unapoubana, na hunenepesha ukingo. Mabati mawili ni karibu milimita 2. Yakifika 4 mfereji wa mpira hautayameza hadi mwisho, na mdomo wa nje utabaki umening'inia hewani. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na halionekani mpaka mvua ya kwanza.

Paka praima ya epoksi mikono miwili, siyo praima ya kawaida ya kopo, kwa kuwa ile ya kawaida hupitisha unyevu. Iache saa 24 au kama mtengenezaji anavyoelekeza. Hakikisha imeingia hadi kwenye mstari ambapo mabati mawili yanakutana. Mstari huo uzibwe kwa gundi ya maungio ya bodi, kidogo tu, ikisawazishwa kwa kidole. Kisha rangi. Subiri angalau wiki moja kabla ya kuvisha mpira, maana rangi mbichi hugandamana nao. Kwa ndani, puliza nta ya kinga kwenye uwazi wa bodi chini ya dirisha.

Kitambaa cha dari kikirudishwa, kikate usawa wa ukingo, kisivuke kwenda nje hata uzi mmoja. Hapo usione uvivu kutumia wembe mpya.

Kufunga kunahitaji watu wawili na kamba. Uache mpira juani nusu saa ulainike, uuvishe kwenye kioo mezani, na uingize utepe wa alumini sasa hivi, kabla kioo hakijaingia garini. Chukua kamba laini ya nailoni ya milimita 5, kama mita 4, uilaze ndani ya mfereji wa bodi kuzunguka wote, ncha zipishane sentimita 20 katikati ya upande wa chini. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo na nusu lita ya maji, upake mferejini na kwenye ukingo. Grisi na oili ni mwiko: mpira hufura na kuteleza nje.

Weka kioo kwa nje, mfereji wa chini ukalie ukingo, ncha za kamba zikiwa ndani ya gari. Aliye ndani avute ncha moja polepole kuelekea katikati ya kioo. Kamba inapotoka, inauinua mdomo wa mpira na kuuvusha juu ya bati. Aliye nje abonyeze kwa kiganja palepale kamba inapotokea, wala si mbele yake. Chini kwanza, kisha pande, mwisho juu. Mahali pakigoma, rudi nyuma na uongeze sabuni. Kuvuta kwa nguvu huchana mdomo.

Wapo wanaojaza gundi mferejini kabla ya kufunga. Ni afadhali kufunga kukavu, kuacha siku moja, kisha kurudia jaribio la maji. Beetle yenye ukingo ulionyooka na mpira sahihi mara nyingi haihitaji kitu kingine. Ikivuja bado, inua mdomo wa nje kwa kijiti cha plastiki mahali husika tu, ujaze gundi maalumu ya vioo vya magari isiyokauka ikawa ngumu, mstari wa unene wa milimita 4 hadi 5, na ufute iliyobubujika kwa spiriti.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila miezi sita pitisha mswaki laini na maji yasiyo na chumvi kwenye mstari kati ya mpira na bodi, na pwani fanya hivyo kila mwezi. Upake mpira glisirini. Usiufunike kwa turubai la plastiki usiku, linatoa jasho na kuulowesha mfereji mpaka saa nne asubuhi. Na yale magazeti kwenye shimo la mizigo yaache hadi mvua mbili kubwa zipite. Doa dogo kwenye karatasi huonekana miezi mingi kabla ya lengelenge kwenye rangi.