Avata na Anayeivaa

Mara nyingi huulizwa kama avata, ile sura tunayojichagulia katika michezo ya kompyuta na mikutano ya mtandaoni, hubadilisha namna watu wengine wanavyotuchukulia. Hubadilisha, lakini mimi kama mwanasaikolojia navutiwa zaidi na jambo jingine: avata humbadilisha mwenyewe anayeivaa, hata pale ambapo hakuna mwingine anayeiona.

Mwaka 2007, Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambayo hadi leo ndiyo msingi wa taaluma hii. Mshiriki alivaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mtu ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, akasimama mbele ya kioo cha kidijitali, akainamisha kichwa na kuona uso mgeni ukiinama pamoja naye. Kisha akageuka kuzungumza na mtu aliyekuwa upande wa pili wa chumba. Waliopewa sura za kuvutia walimsogelea zaidi mwenzao na kumweleza mambo mengi zaidi kuhusu maisha yao. Katika jaribio jingine, waliopewa kimo kirefu walikaza msimamo katika mchezo wa kugawana fedha, ilhali wafupi walikuwa wepesi zaidi kuukubali mgao wa kuwapunja.

Uzito wa majaribio haya umo katika utaratibu wake. Yule mwenzao hakujua mshiriki amepewa sura au kimo gani, kwa hiyo haiwezekani kwamba aliwachangamkia wazuri au kuwaogopa warefu, na chanzo cha mabadiliko hakina budi kutafutwa ndani ya mshiriki mwenyewe. Watafiti hao waliyaita athari ya Proteus, kwa jina la mungu wa Kigiriki aliyejigeuza umbo atakavyo, wakiegemea nadharia ya Daryl Bem ya mwaka 1972 kwamba binadamu huzifahamu hisia zake kwa kujitazama kama ambavyo mtu baki angemtazama.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwa sababu anayejitazama kwa jicho la mtu baki huazima pia dhana potofu za mtu huyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuvaa avata ya mtu mweusi kuliongeza upendeleo wa kichinichini kwa watu weupe. Mwaka 2013, Tabitha Peck, Mel Slater na wenzao walipata kinyume chake, kwamba upendeleo huo ulipungua kwa wanawake weupe waliouona mwili mweusi ukisogea kila waliposogea. Sioni kwamba matokeo haya yanabatilishana. Jaribio la kwanza lilifanyika katika mazingira ya usaili wa kazi, ambako ubaguzi una historia ndefu na huamka upesi; la pili lilimpa mshiriki mwili mzima, akauzoea kwa utulivu mbele ya kioo, bila mtu wa kumpima wala kumhukumu.