Jarida la zamani halikukosea, angalia sindano

Mtu akifuma sweta kwa maelekezo ya jarida la zamani la Uingereza, ikatoka kubwa mno, hulaumu jarida. Mara nyingi kosa liko kwenye namba ya sindano. Waingereza wa zamani walihesabu kinyume na Wamarekani: namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Namba 14 yao ni milimita 2, namba 8 ni milimita 4. Ukishika namba 8 ya Marekani, hiyo ni milimita 5, na sweta nzima inatanuka.

Kroshia nayo ina lake: mshono ambao Mwingereza anauita dabo, Mmarekani anauita singo! Kwa hiyo tazama kwanza jarida lilichapishwa nchi gani, halafu ufume kipande kidogo, ukipime kwa rula.