Asilimia 20 kwa watu watatu haifanyi 60

Swali limerudi tena: nyumbani kuna mgonjwa mmoja na watu watatu wasio na kinga, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 20 wa kuambukizwa naye, basi uwezekano wa ugonjwa kuenea si asilimia 60? Hapana. Kwa hesabu hiyo, watu sita wangefika asilimia 120!

Hatujumlishi. Tunazidisha uwezekano wa kuponyoka: 0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512. Yaani katika zaidi ya nusu ya kaya za namna hii hataugua mwingine yeyote, na bado ugonjwa unaambukiza vilevile. Ndivyo Reed na Frost, wataalamu wa takwimu na magonjwa ya mlipuko, walivyofundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mtu anasubiri mlipuko uishe, anahesabu walioambukizwa, anagawa kwa waliokuwa hatarini, kisha jibu analiita uwezekano wa mgonjwa mmoja kumwambukiza mwenzake. Silo! Aliyeponyoka kwa mgonjwa wa kwanza anaweza kunaswa na wa pili, au wa tatu. Fuata minyororo yote ya nani anaweza kumwambukiza nani katika mfano wetu: kwa wastani wataambukizwa 0.81 kati ya watatu, karibu asilimia 27, ingawa tulianza na 20. Kaya ikiwa kubwa, pengo linapanuka. Ndiyo maana mtu hulinganisha takwimu za kaya ndogo na za kaya kubwa, akatangaza kwamba kirusi kinaambukiza kwa urahisi zaidi, kumbe kilichobadilika ni idadi ya watu nyumbani. Nawasihi mnaokusanya takwimu: andikeni tarehe ya dalili kuanza kwa kila mtu. Bila tarehe, vizazi vya maambukizi (waliopata kwa mgonjwa wa kwanza, kisha waliopata kwa hao) haviwezi kutofautishwa, na asiyeonyesha dalili huacha pengo katika mnyororo mnaouandika hata mkiwa makini.

Kuna jambo vitabu hulipita haraka. Je, wagonjwa wawili kwa pamoja wanaongeza hatari? Kwa Reed na Frost, ndiyo: uwezekano wa kuponyoka ni 0.8 × 0.8 = 0.64. Mtakwimu Mwingereza Greenwood, mwaka 1931, aliiacha 0.8 ileile. Mimi hutumia Reed na Frost, lakini takwimu za kaya ndogo mara nyingi hukubaliana na wote wawili, na sioni haki ya kumkataa Greenwood pale watu wanapovuta hewa ileile usiku kucha. Tena mmoja wa hao watatu huenda aliambukizwa nje. Watafiti Longini na Koopman waliliingiza hilo katika modeli mwaka 1982. Ukiliacha, mgonjwa wa kwanza anabebeshwa maambukizi yasiyo yake.