Dhana ya pumziko lisilo na mwisho, na nyingine kuhusu mifupa na kano

Wagonjwa wanaofika kwangu wiki kadhaa baada ya kutolewa plasta, goti limekakamaa na msuli wa paja umenywea, hunipa jibu lilelile ninapowauliza wamekuwa wakifanya nini: "Nilikuwa naupumzisha mguu, daktari, usije ukaumia tena." Nia yao ni njema, lakini jibu hilo limejengwa juu ya imani kwamba kiungo ni kama kipuri cha gari, ambacho kadiri kinavyotumika kidogo ndivyo kinavyodumu.

Chuma kinachobeba mzigo wa kujirudia hujikusanyia nyufa ndogo hadi kikakatika, kwa kuwa hakina namna ya kujikarabati. Mfupa nao hupata nyufa ndogo kila siku, ila ndani yake mna seli ziitwazo osteoklasti zinazobomoa sehemu iliyochoka na nyingine, osteoblasti, zinazojenga mpya, na kazi hiyo huongozwa na seli za tatu, osteositi, ambazo huhisi mzigo kupitia mwendo wa umajimaji katika vijia vyembamba vya mfupa. Mzigo usipokuwapo, ubomoaji huendelea huku ujenzi ukizorota. Mwaka 1892 daktari mpasuaji Mjerumani, Julius Wolff, alikwisha kueleza kwamba muundo wa mfupa hufuata mzigo unaoubeba. Mchezaji wa tenisi aliyeanza utotoni huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono anaochezea kuliko ule mwingine, ilhali mikono yote miwili inalishwa na damu ileile na homoni zilezile. Kwa upande wa pili, wanaanga waliokaa miezi mingi bila kuhisi uzito wa miili yao walipoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Hakuna aliyewahi kuipumzisha miguu yake vizuri kuliko wao.

Gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, ambalo wengi hulionea huruma "lisije likalika", halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiwa, kwa hiyo anayelilinda kwa kutotembea kabisa analinyima chakula.

Sisemi kwamba plasta haina kazi. Ncha za mfupa zisipotulia, tishu laini inayoziunganisha katika wiki za mwanzo itachanika, na agizo la daktari wa mifupa la kutokanyagia lifuatwe kama lilivyotolewa. Ninachokataa ni pumziko ambalo mgonjwa amejiongezea mwenyewe. Aidha, mzigo hurudishwa kwa hatua, kwa sababu ubomoaji wa mfupa huchukua wiki chache ilhali ujenzi wake huchukua miezi. Anayekurupuka kuanza mazoezi makali hupita kwanza katika kipindi ambacho mfupa wake ni dhaifu kuliko siku aliyoanza, na ndiyo maana makuruta wa jeshi hupata nyufa za uchovu kwenye muundi.

Mimi hupendelea vipindi vifupi asubuhi na jioni kuliko kimoja kirefu. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba baada ya makumi machache ya mishindo seli za mfupa huacha kuitikia, na usikivu wake hurudi baada ya saa kadhaa. Aliyeruhusiwa kukanyagia ashike ukuta, ainue visigino, kisha ashuke polepole mno, kwa sababu mafunzo ya kano, inayounganisha msuli na mfupa, yako katika kule kushuka. Maumivu yasiyozidi 3 katika kipimo cha 0 hadi 10, ambayo asubuhi inayofuata yameshatulia, si dalili ya madhara. Ushauri huo unawahusu hata wanawake waliokoma hedhi, ambao upungufu wa estrojeni umeharakisha ubomoaji wa mifupa yao: wakiambiwa wakae tu wasije wakaanguka, wanaongezewa hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wengine hulalamika kwamba jirani aliyevunjika mfupa uleule alipona mapema. Mfupa hukaza zaidi kadiri unavyopigwa kwa kasi, na hivyo huhifadhi nishati nyingi kabla ya kuvunjika. Nishati hiyo ikiachiliwa hupasua mfupa vipande vipande na kuumiza misuli inayouzunguka. Aliyejikwaa sebuleni na aliyegongwa na gari hawana jeraha moja, hata kama jina la mfupa ni moja.

"Ningekuwa nimevunjika nisingeweza kutembea." Si kweli. Wapo wanaotembea wakiwa wamevunjika fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, na ufa wa skafoidi, mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, unaweza usionekane katika eksirei ya kwanza hadi picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Ufa, kwa taarifa, ni kuvunjika.

Maumivu ya misuli siku mbili baada ya mazoezi hayatokani na asidi ya laktiki, ambayo huondoka ndani ya saa moja au mbili. Hutokana na michubuko midogo ya nyuzi za msuli, hasa zinaporefuka zikiwa zimebeba mzigo.

Na kwa wale wanaonionyesha helmeti iliyowaokoa wakidai ingali nzima: povu gumu la polistireni lililo ndani hufyonza kishindo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi, hata kama gamba la nje halina mkwaruzo. Lile halina osteoblasti, kwa hiyo nunueni nyingine.