Kabla hujamlenga njiwa bandani

Lugha yetu huita risasi kile kinachotoka mtutuni, na ile metali nzito, laini, ya kijivu nayo huitwa risasi. Kwa mfugaji maana hizi mbili hukutana uani kwake. Risasi ya bunduki ya upepo ikimpata njiwa au ikimkosa, mwisho wake ni chini, pale pale kuku wanapochakura. Mwenye bunduki anahesabu kazi imekwisha. Kwangu mimi daktari wa mifugo, hapo ndipo huanza.

Kuku na bata hawana meno. Humeza changarawe, wakaziweka kwenye firigisi ili zisage chakula. Kichembe cha risasi hakina tofauti na changarawe machoni mwa bata, basi naye hukimeza. Ndani ya firigisi kinasagwa pamoja na mawe, asidi ya tumbo inakiyeyusha kidogo kidogo, na sumu inaingia kwenye damu. Ndege hukonda ilhali chakula kipo, mabawa yanalegea, miguu inakosa nguvu, kinyesi kinakuwa kijani. Wengi wakiona hivyo husema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, na siwalaumu, maana dalili zinafanana sana. Lakini mdondo ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa hufagia banda zima kwa siku chache. Risasi huondoa mmoja leo na mwengine wiki ijayo. Linalonitia hofu zaidi ni mayai. Kuku mwenye risasi mwilini bado anaweza kutaga, na sumu hiyo hupita hadi kwenye yai analopewa mtoto asubuhi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayaondoki akishakua.

Kwa ng'ombe, betri kuukuu ya gari, ambayo ndani ina metali hiyo hiyo ya risasi, iliyotupwa karibu na hori ni hatari kuliko risasi za bunduki. Hulamba ile chumvichumvi yake, na baada ya siku chache anasaga meno, haoni, anagonga kichwa ukutani. Ukiona hayo usimkame kwa ajili ya kuuza wala kunywa. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kulenga kwenyewe. Nyumba na mabanda yetu mengi ni mawe na mabati. Risasi ikigonga jiwe hudunda na kwenda isikotazamiwa, na jicho la mbuzi halina kinga. Bati nalo likitoboka, mvua ya masika itaingia kwenye pumba na kuziozesha, zikaota ukungu wenye sumu yake. Ikiwa huna budi kupiga, basi wanyama watoke kwanza, wapelekwe mbali kabisa, si kufungwa upande wa pili wa uzio. Watoto wawe ndani. Nyuma ya ndege pawe na udongo mwingi wa kuimeza risasi, kamwe isiwe anga tupu, kwa sababu risasi ya bunduki ya upepo inaweza kusafiri mita mia kadhaa ikitua kwa jirani. Baadaye okota zile risasi ulizopiga na mizoga yote, maana paka akila njiwa mwenye risasi hula na sumu. Zipo risasi za bunduki zisizotengenezwa kwa ile metali ya risasi. Ukizipata, tumia hizo. Usipige karibu na wakati wa kukama: ng'ombe akishtuka huzuia maziwa, hata umbembeleze vipi. Na bunduki ya baruti haihusiani kabisa na banda. Hiyo ina kibali chake cha Polisi na mahali pake, na uani si mahali pake.

Kuna jambo jengine la kumtazama kabla ya kulenga, nalo ni ndege mwenyewe. Njiwa manga anayetua kwenye hori lako huenda ana mwenyewe mtaa wa pili. Tetere na pugi hawana hasara ya maana bandani. Kwa ndugu zangu wa Pemba nasisitiza: ninga, yule njiwa wa kijani, ni wa kisiwa chenu peke yake, hapatikani popote pengine duniani. Akiisha Pemba ameisha. Kunguru weusi walioletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ni balaa la kweli, wanabeba vifaranga mchana kweupe. Hata hivyo kumpiga mmoja mmoja hakuwapunguzi, kwani ni werevu, humjua mpigaji na kumkwepa.

Kinachowaita ndege bandani ni chakula. Pumba zikikaa wazi, machicha ya nazi yakimwagwa kila pembe, utapiga mpaka risasi ziishe na kesho watarudi. Weka pumba kwenye pipa lenye kifuniko, lisha kwa kiasi kinachomalizika, zoa mabaki kabla ya magharibi, ziba matundu ya banda kwa waya wenye matundu madogo. Vifaranga wafunikwe kwa tenga mpaka wakue. Haya hupunguza hata panya, na bundi akija kuwinda waliobaki mwacheni. Anakula panya, hana uchawi wowote.

Anayewachukia njiwa kwa kuhofia mdondo ana haki ya kuhofia, kwa kuwa wanaweza kuuleta. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja tu jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Muulize ofisa mifugo wa shehia yako siku ya kuchanja, na uwafungie kuku wako tangu usiku wa kuamkia siku hiyo ili asikosekane hata mmoja.