Maneno tunayoambiwa kuhusu kutoa kizazi, na ukweli wake ukiwa mbele ya daktari

"We bado mdogo, nenda kaongeze mtoto." Hilo nimeambiwa nikiwa na miaka 38 na watoto wangu wawili, damu inatoka siku kumi na moja mfululizo, kwenye daladala ya Mbagala nakalia kanga niliyoikunja mara nne nisichafue siti. Saivi nshatolewa kizazi na nipo vizuri, ila nilichelewa sana kwa sababu ya maneno ambayo hata mi mwenyewe nlikua nayaamini.

Dhana: Daktari akikataa kukutoa kizazi ndo imeisha, ukiuliza sana unamkosea adabu

Si kweli kabisa. Kuuliza ni haki yako na unaweza kuuliza kwa heshima zote: dokta, kwa nini unaona nisifanyiwe, kuna njia gani nyingine kwangu, na hiyo njia isiponisaidia tunakaa tena baada ya muda gani? Halafu muombe aandike kwenye faili kwamba uliomba na yeye amekataa kwa sababu gani. Bado hujaridhika, nenda kwa daktari bingwa mwingine wa magonjwa ya wanawake, hujamsaliti mtu.

Kilichonisaidia mimi ni daftari la shule la mwanangu. Kwa daktari wa kwanza nlisema tu "natoka damu nyingi" akaandika vidonge bila hata kuniangalia usoni. Kwa wa pili, hospitali nyingine, niliingia na miezi mitatu imeandikwa yote, siku nilizotoka damu, pedi ngapi, usiku nimeamka mara ngapi kubadilisha, mabonge ukubwa gani, siku ngapi sijafungua genge, dawa gani nimekunywa na kwa muda gani. Pedi ikijaa ndani ya saa moja au mbili, au hedhi ikipita siku 7, hiyo sio "kawaida ya wanawake" jamani. Na omba upimwe wingi wa damu, kwa mwanamke asiye na mimba ikiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita, g/dL) una upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Mi nlikua na 7.4. Yule dokta alivyoona ile namba pamoja na daftari alivuta kiti tukaongea karibu nusu saa.

Dhana: Ukiwa na uvimbe kwenye kizazi (fibroidi) dawa yake ni kutoa kizazi tu

Hapana, na daktari akikutajia njia nyingine usidhani anakufukuza. Kuna dawa za kupunguza damu, kuna kitanzi chenye homoni, kuna operesheni ya kutoa uvimbe peke yake kizazi kikabaki, na ukikaribia kukoma hedhi uvimbe mara nyingi husinyaa wenyewe baadae. Ila uvimbe ukitolewa peke yake unaweza kuota tena, kizazi kikitoka haurudi, hedhi inaisha na mimba haipo tena maisha yako yote. Hilo la mwisho kalale nalo siku kadhaa kabla hujasema ndio.

Dhana: Unazeeka ghafla na unakua baridi kwa mumeo

Wanachanganya kizazi na ovari, yaani vifuko vya mayai. Homoni zinatoka kwenye ovari, ovari zikiachwa huingii ukomo wa hedhi siku hiyo hiyo, ingawa unaweza kuja mapema kidogo. Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini: ovari zangu zinabaki? Shingo ya kizazi je? Shingo ikibaki bado unatakiwa kupima saratani yake kama kawaida. Tendo la ndoa linasubiri kama wiki sita hadi dokta akuruhusu, na wanawake wengi waliokua na maumivu na damu wanasema wanafurahia zaidi kuliko zamani. Mi mmojawapo.

Dhana: Mwenye kusaini ni mume

Mwili ni wako, mtu mzima mwenye akili timamu anasaini mwenyewe. Mume kushirikishwa ni jambo jema, wangu nilienda nae akasikia kwa masikio yake ndo akaacha kusikiliza ya mtaani. Lakini saini ni yangu.

Dhana: Wiki mbili tu umerudi kazini

Ukipasuliwa tumbo hesabu wiki sita mpaka nane, ukifanyiwa kwa matundu madogo tumboni au kwa njia ya chini (ukeni) unawahi zaidi, uliza wewe unafanyiwa ipi. Uliza pia mapema kama damu yako inatosha au inabidi upandishwe kwanza, mi nlimeza vidonge vya madini ya chuma na ndugu wawili wakachangia damu. Ukiwa nyumbani homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu au mguu mmoja kuvimba na kuuma unarudi hospitali saa hiyo hiyo, husubiri tarehe ya kliniki. Na ndoo ya maji usiiguse, kwetu maji yanakatika kila mara, wifi yangu ndo alinichotea wiki zote saba.